Riwaya Tatu Kwenye Mizani ya Majani Chai

Wacha nianze na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa mtu mwingine: mimi ndiye yule mwalimu wa Kimulot ambaye vitabu vyake vilipimwa pamoja na majani chai mbele ya kijiji kizima, na karani akasoma barua yangu kwa sauti kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Mpaka leo nikipita huko kuna akina mama ambao wakiniona wanafunika mdomo kwa leso (wanadhani sioni). Naona vizuri sana, ila nimezoea.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami ndio nimetoka chuo, nimetumwa kutoka kwetu Kisii kufundisha Kiswahili huko Kimulot, kwa Wakipsigis, katika shule moja ya kutwa karibu na msitu, nina viatu vya kisigino ambavyo matope yaliniharibia wiki ya kwanza, na nina katoni moja ya riwaya za vijana nilizonunua moja moja nikiwa mwanafunzi. Katoni hiyo ndiyo ilikuwa maktaba ya shule. Sikumpa mtoto kitabu hivi hivi, la, nilimtazama kwanza wiki mbili tatu, nani anacheka, nani amenuna, nani ameacha kuinua mkono, halafu nikamchagulia kimoja na ndani nikachomeka karatasi ndogo ya kumwambia kwa nini nimemchagulia hicho na si kingine. Nilijiona daktari kabisa, naandikia watu dawa.

Kidato cha pili nilikuwa na msichana anaitwa Chelangat, ambaye alikuwa amerudia darasa na tangu hapo ukimuuliza swali anaitazama meza mpaka umhurumie umuulize mwingine. Nikamchagulia riwaya yangu niipendayo kuliko zote, yenye jalada la kijani, kuhusu msichana anayelelewa na nyanya yake bila kuwajua watu wa babake. Kama Chelangat tangu arudie darasa, watoto wenzake wamembandika jina la kumcheka, naye ameliitikia miaka mingi hadi ameanza kuamini ni lake, kisha siku moja anafunga safari kwenda kutafuta alikotoka. Nilikuwa nimeisoma mara nne na kila mara nalia sura ya saba.

Shida ilikuwa babake. Mzee arap Rono alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya wakulima pale kwenye kibanda cha kupimia majani, na kwake yeye hadithi ni uongo uliopigwa chapa. Mara ya kwanza alipokuta riwaya yangu nyumbani aliirudisha shuleni mwenyewe, ameifunga kwa gazeti vizuri, akaniambia, "Madam, hii si ya mtihani. Huyu alirudia darasa. Mpatie hesabu." Aliniambia kwa upole, na ningekuwa na akili ningemwomba aketi tuongee.

Badala yake nikashika njia ya mkato. Kwetu nyumbani, mimi na dada zangu tulikuwa tunaficha vitabu ndani ya kikapu cha kuchumia chai, chini kabisa, majani juu, mama akiwa mstari wa mbali tunachungulia ukurasa mmoja mmoja, na hatukushikwa hata siku moja kwa sababu majani tulikuwa tunayamwaga kwenye gunia nyumbani kwanza, na wa kumwaga tulikuwa sisi. Nikampa Chelangat siri hiyo. (Sikujua kwamba Kimulot kikapu kinatoka mgongoni moja kwa moja hadi mbele ya karani wa kiwanda anayepima majani, na hapo nilikuwa nimekaa karibu na kibanda hicho mwaka mzima, napita nikiinua pua.) Chelangat naye akawapa siri marafiki zake wawili, Chepng'eno na Mercy, ambao pia walikuwa na vitabu vyangu.

Jumamosi hiyo mawingu yalifunga mapema na lori la kiwanda likaja mapema pia, maana barabara ile ikinyeshewa hakuna lori linalopanda. Wazazi wakakimbilia mashambani, wakachukua vikapu migongoni mwa watoto bila kuuliza habari, wakapanga foleni. Mimi nilikuwa nimetoka kununua maziwa nyumba ya jirani, nimevaa kandambili, nina mkebe wangu umejaa, nikasimama kidogo kuangalia watu.

Sasa mjue kwamba mwezi mmoja kabla, mtu fulani alikuwa ameweka mawe kwenye majani yake ili yazidi uzito, na Mzee arap Rono mwenyewe ndiye aliyewaapisha wakulima wote: atakayekutwa na kitu chochote kisicho jani, majani yake yanakataliwa siku hiyo na wiki mbili zinazofuata, na jina lake linasomwa mbele ya watu. Karani akachukua kikapu cha mwenyekiti, kwa heshima zote, akakimwaga juu ya turubali, na riwaya ya kijani ikaanguka pale katikati.

Mtu mmoja akacheka. Karani akakiokota kitabu, akakipangusa, akakiweka kwenye mizani kana kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya.

"Robo kilo," akasema.

"Hiyo si yangu," akasema Mzee arap Rono.

"Imetoka kwa kikapu yako, mwenyekiti."

Akamwaga kikapu kilichofuata, cha babake Chepng'eno, kikatoka kitabu. Akamwaga cha mamake Mercy, kikatoka kingine, navyo akavipandisha mizani. "Kumbe ni mpango," karani akasema, na foleni nzima ikaanza kunong'ona kwamba mwenyekiti na majirani zake wamekuwa wakiuzia kiwanda makaratasi siku hizi zote. Wasichana watatu walikuwa wamesimama kando wanatazama vidole vya miguu yao, na hakuna aliyenitaja. Na mimi (nasema ukweli wote leo) nilipiga hatua mbili kurudi nyuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniona, na maziwa yangu yalikuwa yananingoja niyachemshe.

Ndipo karani akakitikisa kile kitabu cha kijani na karatasi yangu ikadondoka. Akaisoma yote kwa sauti kubwa.

"Chelangat, huyu msichana ni wewe. Usikate tamaa, jikaze ufike sura ya saba. Usimwonyeshe baba. Ficha kikapuni, chini kabisa, majani juu. Wako, Mwalimu Kemunto." Akaigeuza. "Na amechora ua."

Vichwa vyote viligeuka. Nikajiambia hapa ni kueleza tu, watu wataelewa, nikasonga mbele nikianza kwa Kiswahili changu cha darasani, "Ndugu wazazi, naomba ieleweke," na sikuona kwamba nimepanda na kandambili zangu za matope juu ya turubali, juu ya majani ya watu. Mama mmoja akasema, "Madam, majani." Nikaruka kurudi nyuma, mkebe ukaniponyoka, na maziwa yote yakamwagikia pale pale juu ya majani, mengine yakakirukia kitabu mkononi mwa karani.

"Sasa hiyo imekuwa chai ya maziwa," akasema karani.

Watu walicheka hadi wengine wakashikilia nguzo za kibanda, na hata dereva wa lori alishuka kuja kuona. Mzee arap Rono peke yake hakucheka. Aliichukua ile karatasi mkononi mwa karani, akaisoma taratibu, midomo inatembea, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Usimwonyeshe baba," akarudia. "Kwa nini, Madam? Kuna nini hapa baba hawezi ona?"

Hapo ndipo aibu yenyewe iliponiingia, si ile ya maziwa. Huyu mtu alikuwa anamsomesha mtoto kwa kikapu kile kile nilichomfundisha mtoto kumdanganyia. Nikamwambia, "Hakuna kitu kibaya, mzee. Nilikosea mimi."

"Basi soma tusikie."

Nikasoma. Kurasa za kitabu zilikuwa zimelowa, lakini nilisoma, na dereva akazima injini. Nilipofika pale nyanya anamwambia mtoto kwamba hawajui watu wa babake, Mzee arap Rono akainua mkono. "Ngoja. Hii mtoto ikizaliwa, hakuna mtu aliita majina ya wazee mpaka apige chafya?" (Kwa Wakipsigis mtoto mchanga huitiwa majina ya waliotangulia, moja moja, na likitajwa la kwake anapiga chafya.) Nikafungua mdomo nijibu, ila sauti ilitoka upande mwingine.

"Nyanya yake aliita, baba," akasema Chelangat. "Lakini aliita za upande wa mama peke yake. Za upande ule mwingine hakujua. Ndiyo maana anaenda kutafuta."

Mwaka mzima sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na tena mbele ya watu. Babake alimtazama, akatazama kitabu, kisha akamgeukia karani. "Andika. Majani yangu imekataliwa. Na wiki mbili, kama tulisema."

"Lakini mwenyekiti, ni kitabu tu."

"Si jani."

Basi na wale wengine wawili yao yakakataliwa vile vile, wote watatu wakabeba vikapu na vile vitabu kurudi nyumbani, mvua ikaanza. Nilikunywa chai ya rangi siku hiyo na Jumapili sikuonekana kanisani. Wiki mbili nzima nilizunguka kwa njia ya juu, ndefu na yenye utelezi, nisipite kibandani, na darasani nilifundisha ngeli tu, katoni nikaisukuma chini ya kitanda. Nilikuwa na hakika Chelangat ataondolewa shule na mimi nitahamishwa.

Wiki ya tatu, Jumatatu, Chelangat akaja mezani kwangu akaweka kitu kilichofungwa kwa gazeti, vizuri, kama ile mara ya kwanza. Nikafungua, ni riwaya ya kijani, kurasa zimekauka zikajikunja, na ndani kuna risiti ya zamani ya majani chai, nyuma yake pameandikwa kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi:

"Mwalimu. Wiki mbili sikuwa na majani ya kupeleka, tukakaa tukasoma. Sura ya saba tumefika. Huyo msichana ni yeye, ulisema kweli. Leta ingine. Baba."

Nilimpa nyingine, na nyingine, na risiti ile ninayo mpaka leo. Karatasi zangu sikuacha kuzichomeka vitabuni, ila niliapa kwamba kila moja nitaisoma kwanza kwa sauti ya karani, mbele ya watu sitini wa kujiwazia, na nikifika mahali pa kuandika "usimwonyeshe", naichana naenda kumtafuta baba mwenyewe.