Pikipiki Ilinoki Mara Mbili Kwenye Jiwe Lile Lile

Pikipiki yangu imenoki, yaani injini imekwama, mara mbili tu, na mara zote mbili ilizimika mbele ya jiwe lile lile.

Mara ya kwanza aliyeiendesha ni mdogo wangu wa kike. Mara ya pili ni mimi, na yeye alikuwa ana miezi mitano kaburini.

Jirani yangu anaapa pale pana jini. Ndugu zangu, lingekuwa jini ningepata usingizi.

Mimi ni seremala. Injini nilijifunzia uani kwangu, kwa kufungua na kufunga, nikajiona fundi kuliko mafundi. Pikipiki yenyewe ni zile ndefu zenye matairi ya meno, lami inakwenda na porini inakwenda. Mdogo wangu alikuwa nesi kwenye zahanati ya mlimani, huko ambako gari halifiki. Kila Jumatatu nilimwazima.

Jumapili moja nikamwaga oili, nikabadilisha filta. Kesho yake akaondoka nayo asubuhi. Saa nane mchana akarudi anaisukuma, viatu tope tupu, viganja vimechubuka.

"Kaka, imezima pale kwenye jiwe kubwa."

"Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Nimefungua kifuniko cha valvu, ndani pakavu. Oili haipandi juu. Hebu tazama kwenye filta..."

"Nyamaza! Kazi yako wewe ni sindano. Utanifundisha mimi injini?"

Mama alikuwa mlangoni anakunja nguo. "Mwanangu, si umsikilize mwenzio?"

Wapi! Nilisema mbele ya majirani kwamba ana mkono wa nuksi, kila anachogusa kinakufa. Nesi, jamani. Mtu anayezalisha wake za watu. Nikamwambia hivyo.

Akaweka ufunguo juu ya benchi langu la kazi, akafuta tope alilodondosha sakafuni, akaenda zake.

Tangu siku hiyo akawa anapanda mlima kwa miguu. Mvua zikamkuta njiani. Akaanza kukohoa, akasema ni mafua tu. Daktari akasema ni mapafu.

Simu yake ya mwisho niliitazama ikiita mpaka ikakata. Nilikuwa bado nimemnunia, kisa chuma.

Siku ya mazishi mama aliniuliza jambo moja. "Umemsamehe mwenzio?"

Miezi minne lile swali halikuniacha, mwishowe nikajipangia: naitengeneza pikipiki, naipeleka zahanati, nesi mpya aitumie. Siku hiyo ndipo nitamwambia mama kwamba nimemsamehe. Nikajiona muungwana kweli kweli.

Wiki tatu niko uani. Injini nzima chini. Silinda nikaipeleka kuchongwa, nikaweka pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Filta nayo nikaitoa, nikaweka mpya vile vile ilivyokaa ya zamani, nisije nikakosea.

Shikeni hapo hapo.

Asubuhi ya majaribio mama alitoka nje. "Ikirudi salama uniambie."

"Ikirudi salama, mama, nitakuwa nimemsamehe."

Akasimama mlangoni mpaka nikaondoka.

Nikaipitisha kwenye changarawe, nikavuka kijito, nikashika njia ya mbuzi. Injini ilikuwa inanguruma vizuri mpaka nikacheka peke yangu. Nilipoanza kupanda kilima nikatia gia ya pili, kisha ya kwanza. Hapo nikasikia kitu kinagonga juu ya silinda, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Ghafla tairi la nyuma likajifunga, nikaanguka ubavu.

Nikainua kichwa. Jiwe hilo hapo.

Nywele zilinisimama, sikatai. Kisha nikamsikia mdogo wangu kichwani, sauti yake ile ile ya upole: hebu tazama kwenye filta.

Nikatoa spana.

Filta ile ina upande wenye tundu na upande uliozibwa. Tundu linatakiwa litazame ndani, ili oili ipite ipande juu. La kwangu lilikuwa limetazama nje. Nilikuwa nimeifunga kinyume.

Ya kwanza niliifunga mimi, na hii ya pili nikaifunga kwa kuiga ile ya kwanza. Kutoka uani kwangu mpaka pale ni kilomita sita, na kilima ndipo injini kavu inapolemewa. Jini lenyewe ndilo hilo.

Nililia kwa sauti, mtu mzima, peke yangu porini. Kisha nikaisukuma hadi nyumbani. Nikajua viganja vinaanza kuchubukia wapi: chini ya kidole gumba.

Mama alikuwa pale pale mlangoni. "Imezima tena?"

"Mama, hakuwa yeye. Ni mimi, tangu ile siku ya kwanza. Filta niliifunga kinyume."

"Yeye alijua?"

"Alianza kuniambia. Nikamnyamazisha."

Mama akakaa kwenye ngazi, polepole, anashikilia ukuta.

"Pale kitandani," akasema, "alikuwa ananiomba nimwombee msamaha kwako. Alikwambia kweli siku ile, lakini ulivyong'ang'ania, mwishowe akaanza kuamini alikosea mahali."

Mpaka leo sijui nimwombe nani msamaha, maana mwenye haki ya kunisamehe nimemzika.

Nikaitengeneza upya, safari hii filta ikikaa sawasawa. Sasa pikipiki iko zahanati na inapanda ule mlima kila wiki, na nesi mpya ananishukuru mpaka naona aibu.

Nyani haoni kundule, tunausema kila siku tukimwangalia mwingine. Kama kuna mtu umemnunia, mpigie leo. Na mtu akikwambia hebu tazama hapa, tazama kwanza, kelele zako zitasubiri.

Kifuniko cha filta kina boliti tatu. Kukifungua hakunichukui hata dakika nne.