Bafu Lisilo na Paa

Ule mlio bado ninao masikioni. Zzzz, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ukaja juu ya migomba wakati namwagia bibi maji mgongoni.

Bafu letu kule Uru, chini ya Kilimanjaro, ni miti minne iliyozungushiwa majani makavu ya mgomba. Paa halikuwepo. La nini? Juu yetu kulikuwa na mlima tu, na mlima hauchungulii.

"Nyuki wanahama?" bibi akauliza, akainua uso wenye povu la sabuni.

Mimi nilijua. Ilikuwa droni ya chama chetu cha kahawa, na aliyeirusha ni binti wa shangazi yangu. Nafasi ya kuirusha tuliiomba wote wawili. Mimi ndiye niliyekuwa napanda juu ya tanki la maji kuangalia ndege zikishuka, mimi ndiye niliyeota kuruka. Wakamchukua yeye kwa sababu kasoma chuo. Wakampa na fulana yenye kola. Ile fulana, jamani! Ilinitesa hadi kanisani.

Jioni akaja nayo mwilini, akampa bibi shikamoo, akakaa nami jikoni na kishikwambi chake. Akanieleza kwamba mashine unaichorea mipaka tu. Inaruka yenyewe, inapiga picha yenyewe, inatuma yenyewe. Akaikuza picha. Nikaona mikahawa yetu, banda la ng'ombe, halafu katikati ya kijani chote kile, mgongo wa bibi, mtupu, na uso wake umetazama juu.

"Futa hiyo."

"Imeshaenda, dada. Huko inaangaliwa na kompyuta, si mtu. Inahesabu mikahawa tu."

"Na hiyo kompyuta haina bosi?"

Akacheka. "Acha ushamba. Sema tu una wivu."

Kibaya ni kwamba nilikuwa nao kweli. Nikasogeza kuni motoni, naye akaona kashinda. Lakini wivu ulikuwa wangu. Mgongo ulikuwa wa bibi, na bibi hakuulizwa na mtu.

"Mnaangalia nini huko?" bibi akaita kutoka sebuleni.

"Kahawa, bibi!" binti wa shangazi akajibu, na kicheko chake kikaishia hapo. Hata yeye hakuweza kumwonyesha.

Kesho yake bibi alipolala mchana, nilichukua panga nikashuka kihambani, shamba letu la migomba na kahawa, peke yangu. Nikakata majani mapana ya mgomba, nikayapanga juu ya bafu, nikayafunga kwa kamba za mgomba hadi ndani pakawa na giza la kijani. Nikasimama pale anapokaa bibi, nikatazama juu. Hakuna anga.

Halafu nikahamia pembeni, ninaposimama mimi na ndoo, nikachomeka kidole kwenye jani moja. Nikaacha tundu dogo, la kutosha jicho langu tu, ili siku droni ikirudi niione inavyopita.