Mkono wa Salvatory Komba

Watu wetu wote waliokuwa Guangzhou mwaka wa tisini na nane walimjua Salvatory Komba, na nusu yao walimcheka. Mtu wa Songea, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata. Kila siku saa kumi alasiri alikaa kwenye piano ya hoteli moja jirani na stesheni ya reli, pale Liuhua, akapiga muziki wa Wazungu waliokufa zamani, huku wafanyabiashara wakipita mbele yake wanaburuta mafurushi ya viatu. Hakuna aliyesimama kusikiliza. Yeye alipiga kama ukumbi umejaa hadi mlangoni.

"Profesa!" Melania alikuwa akimwita kwa sauti ya sokoni. Melania alikuwa mfanyabiashara wa Mwanza, mwanamke mwenye mdomo, hafichi neno. "Hilo sanduku lako halijachoka tu? Miaka kumi na minne uko China! Mtoto aliyezaliwa ulipoondoka sasa anaota ndevu. Sisi wa kuja juzi tumeshaezeka."

"Dada Melania, mimi sikuja kununua viatu."

"Najua, kaka yangu. Ulikuja kubembeleza watu walale."

Wakacheka hata wapokea wageni wa Kichina, ambao hawakuelewa neno. Salvatory hakugeuza shingo. Alikuwa na majivuno yule, msimwone. Na majivuno yake yalikuwa na sababu.

Alijifunza kinanda misheni akiwa na miaka tisa, kile cha kukanyaga kwa miguu, na miguu ilikuwa haifiki vizuri. Kwaya yao ilisoma nyimbo ubaoni kwa herufi: d ni do, r ni re, m ni mi. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anapiga misa nzima bila kuangalia karatasi. Mwaka wa themanini na nne wakapelekwa China vijana wa kusomea udaktari, reli na umeme, na yeye peke yake wa muziki. Akasoma piano miaka mitano, kisha miwili ya kuongoza okestra. Walimu wakamsifu vidole, wakamsifu sikio, wakampa cheti chenye muhuri mwekundu. Halafu basi. Okestra za pale hazikumtaka, nyumbani okestra haikuwepo. Ndiyo akaishia hotelini.

Bahati ilimjia kwa mlango wa nyuma. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kiwanda cha nguo cha serikali, na wafanyakazi wake walikuwa na okestra yao tangu enzi za zamani, watu thelathini. Kiongozi wao alikuwa amefariki. Wasomi wa chuo walipoitwa, waliangalia wakaondoka, kwa sababu wale wafumaji hawakujua nota za mistari. Walisoma tarakimu: moja ni do, mbili ni re, tatu ni mi. Nani angekaa kuwaandikia kila mtu karatasi yake kwa tarakimu?

Salvatory alipoitwa naye, akaoneshwa karatasi ile, alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa kwaya ya misheni! Pale Songea walipoandika herufi, hawa waliandika namba, mambo ni yale yale. Kwa wiki tatu akaandika kwa mkono wake sehemu zote thelathini za kipande cha muziki alichokipanga mwenyewe. Wakamwita Mwalimu Sa.

Na Mwalimu Sa hakuwa mtu mwema. Tuseme ukweli: sisi tuliomcheka tunaweza kumwonea huruma, lakini wale wafumaji ndio walioonja ukali wake. Walikuja mazoezini kutoka kwenye mashine, masikio bado yanavuma, naye akiwasubiri na saa mkononi. Aliyechelewa dakika moja alisimama hadi mwisho. Kulikuwa na Mama Liang, miaka hamsini na tatu, mpiga selo, ile inayofanana na violini lakini unaibana kati ya magoti. Yule mama alimletea supu ya mifupa kwenye chupa ya chai kila Jumatano. Salvatory alikunywa supu, akafuta mdomo, akamrudisha mstari ule ule mara arobaini, mpaka kidole kikaacha alama ya damu kwenye uzi.

"Tena," alisema.

"Mwalimu, kimechanika."

"Una vingine. Tena."

Katikati ya kipande chake aliweka kituo. Okestra nzima inapanda, inapanda, inakatika ghafla. Nyuta zote, zile pinde za kusugulia nyuzi, zinabaki hewani, kimya, mpaka yeye mwenyewe aushushe mkono. Wafumaji walikichukia kituo kile. Mmoja akiingia mapema, Salvatory alimtoa nje, siku hiyo harudi.

"Mkono wangu usiposhuka," aliwaambia, "hakuna anayepumua. Hata jengo liungue."

Miezi minane wakakaririshwa hivyo, wakawa kama farasi waliofunzwa. Na wakapiga vizuri! Hilo nalo lisemwe.

Mwaka wa tisini na tisa viwanda vya serikali vilikuwa vinapunguza watu. Meneja wa kiwanda, Bwana Zhao, akatangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya okestra za viwanda, mwezi wa nne, kwenye ukumbi mkubwa, na wakubwa wa mji watakuwepo. Okestra yake ikishinda, hakuna jina hata moja la mpigaji litakaloingia kwenye orodha ya kuachishwa. Ikishindwa, watakuwa kama wengine.

Wafumaji wakashona koti. Waliiba muda wa chakula, wakamshonea Salvatory koti jeusi lenye mikia miwili nyuma, kitambaa cha kiwanda, Mama Liang akatia vifungo. Likamkaa kama ngozi yake. Siku hiyo akaenda nalo moja kwa moja hotelini, akasimama mbele ya Melania na mwenzake Didas waliokuwa wanafunga mizigo.

"Jumamosi, saa nane mchana," alisema. "Njooni mwone nilichokuja kufanya China."

"Eti utapiga tena vya kulaza watu?"

"Sitapiga. Nitaongoza. Watu thelathini, na mimi mbele yao."

Melania akamtazama juu mpaka chini, akaona hatanii. "Haya. Tutavaa," akasema. Na walivaa kweli. Alikuja na kitenge kipya na kilemba kama mnara, na watu wetu kumi na wawili nyuma yake.

Nusu saa kabla ya kupanda jukwaani, Bwana Zhao alimwita Salvatory pembeni. Alikuwa na mpwa wake, kijana laini, nywele za mafuta.

"Mwalimu Sa, kazi yako nzuri sana. Leo mbele atasimama huyu."

Salvatory alidhani hakusikia. "Anajua kuongoza?"

"Anajua kupunga. Wewe utasimama nyuma ya pazia, pale pembeni, Mama Liang anakuona. Yeye atakufuata wewe, wengine watamfuata yeye. Nani atajua?"

"Kwa nini?"

Zhao hakuona haya. "Wakubwa wakikuona wewe, watakuangalia wewe. Ngozi yako, nywele zako. Muziki hawatausikia. Tushinde kwanza." Kisha akanyoosha mkono. "Na koti. Hawezi kuongoza na shati."

Salvatory akalivua. Hata leo walioona hawaelewi kwa nini alilivua. Mpwa akalivaa; mikia ikamfika visigino, mikono akaikunja mara mbili. Wapigaji walikuwa wamesimama hapo hapo na vyombo vyao. Wote waliona. Mama Liang alifungua mdomo, akakumbuka orodha, akaufunga.

Wakaanza. Salvatory amesimama gizani nyuma ya pazia na shati lake, mkono unakwenda, na kwenye upenyo anamwona Mama Liang, jicho halibanduki kwake. Mbele, mpwa anapunga kama anafukuza nzi. Muziki ukatoka safi. Salvatory alisikia ukumbi unatulia, akawasikia majaji wanaacha kukohoa. Ndipo akasikia sauti ya Melania, Kiswahili kitupu, katikati ya utulivu ule:

"Didas, Profesa yuko wapi? Huyo si mtoto wa Kichina kavaa koti la baba yake?"

Kicheko cha watu wetu kikapita ukumbini kama kikohozi.

Okestra ikapanda. Ikapanda. Ikakatika. Nyuta zote hewani.

Mkono wa Salvatory ulikuwa juu. Ulitakiwa kushuka. Alimtazama Mama Liang, naye akamtazama, akisubiri kama alivyofundishwa. Salvatory aliijua orodha. Aliijua supu. Akaurudisha mkono polepole ubavuni, akauingiza mfukoni.

Mpwa akapunga. Hakuna aliyepumua. Akapunga tena, kwa nguvu, mkunjo wa koti ukafunguka ukamfunika vidole. Mtu akacheka nyuma, kisha safu nzima, kisha ukumbi. Mama Liang alikuwa bado anatazama pazia, upinde juu. Hakuushusha. Mpaka pazia lilipofungwa, hakuushusha.

Salvatory akatoka kwa mlango wa wafagizi, akatembea kwa miguu hadi Liuhua, na saa kumi alikuwa kwenye piano yake.

Orodha ilibandikwa Jumatatu. Wapigaji thelathini, wote walikuwamo.

Mwezi wa nane hoteli ikauza piano, ikaweka kaseti. Salvatory akawa mkalimani wa wafanyabiashara, akifuata watu wetu dukani na barabarani, na Melania alimpenda kwa kazi hiyo kwa sababu Kichina chake kilikuwa cha shule. Asubuhi moja walikuwa wanazunguka nje ya stesheni, ambako watu walioachishwa viwandani walitandaza bidhaa chini. Melania akasimama kwenye soksi.

"Nzuri hizi. Profesa, mwambie huyu laoban, huyu mwenye mali, apunguze, nachukua zote."

Muuzaji akainua uso. Alikuwa Mama Liang.

Hakutukana, hakulia. Aliziweka soksi chini, akazipanga, akakunja mikono mapajani. Kisha akauangalia mkono wa kulia wa Salvatory, akautulizia macho, anasubiri.

"Mbona umenyamaza?" Melania akamsukuma begani. "Nimekuleta uje kusimama? Anza basi!"