Tarumbeta Juu ya Jeneza

Mzee aliyewafundisha watoto wetu kinanda na tarumbeta parokiani amefariki, na Jumamosi tumemzika kule Matogoro. Msibani alisifiwa mpaka nikaona aibu, maana waliomsifu kwa sauti kubwa ndio waliomnyang'anya ufunguo wa chumba cha vyombo vya muziki. Na aliyewachochea ni mimi. Nasema mapema, msomaji wangu, usije ukaniona mfiwa mwema.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, akipiga kinanda misa ya watoto. Weee, nilivyoringa! Hapa Mjimwema sikuwa napita dukani bila kumtaja. Siku moja akaniambia anataka kuhamia tarumbeta. Nikamuuliza kama ana homa. Kinanda ni chombo cha kukaa karibu na altare. Tarumbeta, nilivyoona mimi msomi, ni la vijana wanaopakiwa nyuma ya pikapu kusindikiza maharusi huku wanakula vumbi. Jirani yangu alipopata habari alicheka sana. "Kumbe siku hizi unafuga wapiga harusi?" Maneno yale yaliniingia.

Mzee akaja nyumbani mwenyewe, kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamkaribisha chai. "Chai tutakunywa tukielewana," akasema. Akatoa mfukoni kile kipande cha tarumbeta kinachowekwa mdomoni. Akaeleza kwamba binti angepuliza hicho tu mwezi mzima, na kinanda angeendelea nacho kila Jumapili kama kawaida. "Mkono usife kabla mdomo haujazaliwa. Noti anazijua tayari. Haachi muziki, mwanangu, anahama chumba tu. Nyumba ni ileile." Binti alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama mimi. Nikajibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wangu simlei apande pikapu. Mzee akarudisha kipande chake mfukoni. "Haya, mwanangu. Chai siku nyingine."

Baada ya wiki mbili nikasikia mzee amempa binti kipande kile, naye anakipuliza kila mazoezi yakiisha. Nikaenda kwenye kamati ya kwaya, nikasema mzee anawaharibu watoto. Hawakumuuliza hata neno moja, wakachukua ufunguo. Tarumbeta binti hakuligusa tena, na mwezi uleule akaacha na kinanda. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwahidi baiskeli. Wapi! Alikaa mbele ya kinanda mikono mapajani, mpaka nikachoka mimi.

Sikuwa peke yangu katika ujinga huu, ingawa hilo halinipunguzii kitu. Mji wetu umejaa watoto tuliowachagulia masomo, kazi, hata wachumba, kama tunavyochagua mapazia: uzuri uelekee barabarani. Mtoto akitaka kugeuza njia tunasema amepotea, na anayejua kumgeuza taratibu bila kumvunja tunamwita mharibifu. Mzee yule alijua. Tulimwacha azeeke akilima mahindi yake, na mkono wake ule wa kuongoza wimbo ukabaki kushika jembe.

Jumamosi tarumbeta lake liliwekwa juu ya jeneza. Hapakuwa na wa kulipiga. Wimbo wa kumsindikiza mwalimu wa muziki ukatoka kwenye simu iliyounganishwa na spika, ukakatika mara mbili. Mjane wake akamwona binti yangu, ambaye sasa amemaliza kidato cha nne, akamshika mkono. "Wewe si yule mtoto wa tarumbeta? Alikutaja mpaka anaugua. Mpigie babu yako, hata wimbo mmoja."

"Bibi, mimi sipigi chochote," binti akajibu. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikuomba kuhama chombo, muulize mwalimu namna ya kumvusha. Usimuulize jirani atasemaje. Mimi nilimsikiliza jirani, na Jumamosi jirani hata msibani hakuja.