Anayechelewesha Ni Mmoja

Fundi wetu wa kompyuta tulimwita Babu Diski, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Maisha yake yote ya kazi yaliishia chumba cha seva, chini kabisa ya jengo la hospitali, akivaa sweta kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Alikuwa mpole mno, na mpole watu humgeuza ngoma.

Mwaka ule zilinunuliwa diski nane mpya, za kasi ya ajabu, kwa ushauri wake. Zikaunganishwa kwa programu ili zifanye kazi kama diski moja. Madaktari wakajua picha za eksirei sasa zitafunguka chapchap. Wapi! Zilisuasua vilevile. Mkurugenzi akawa mbogo.

"Mzee, nieleze kwa maandishi. Na uandike Kiswahili cha watu, sitaki maneno yenu ya kompyuta."

Maskini, akatii. Ile sehemu ya programu inayopanga na kukokotoa kazi za diski, mafundi huiita mfanyakazi. Enzi za diski za zamani mmoja alitosha, kwa kuwa diski zenyewe zilijikokota. Sasa diski zote nane zilikaa zikimsubiri yeye. Dawa ilikuwa kubadilisha namba moja tu kwenye mipangilio, ile ya idadi ya wafanyakazi hao, ila bila idhini hakuruhusiwa kuigusa. Basi akaandika: "Diski hazina tatizo. Anayechelewesha ni mfanyakazi mmoja. Naomba wawekwe wanne."

Mkurugenzi aliisoma barua hiyo kikaoni kwa sauti.

"Mzee, chumba kile kina wafanyakazi wangapi?"

"Niko peke yangu, mkuu, lakini huyo ninayemsema..."

"Basi umejitaja mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mhasibu alicheka mpaka akajifuta machozi. Babu Diski alibaki amesimama na karatasi mkononi, anasema "ni programu, jamani, ni programu," na kila alipofungua kinywa walicheka upya.

Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao. Wiki iliyotangulia alinieleza jambo hilo lote, akinichorea visanduku nyuma ya bahasha, na nilimwelewa vizuri. Sentensi moja yangu ingemwokoa. Nilicheka na wenzangu, kisha nikaandika: Fundi amekiri kuwa yeye ndiye chanzo cha ucheleweshaji.

Akafukuzwa. Wakaajiriwa mafundi wanne, kama "alivyoomba". Siku ya pili wakaiona ile namba, wakaibadilisha, picha zikawa zinafunguka kufumba na kufumbua.

"Mnaona?" mkurugenzi akatuambia. "Tatizo lilikuwa yule mzee."

Tukapiga makofi.

Mkewe ndiye aliyekuja kuchukua barua ya kuachishwa kazi. Mumewe hakutaka kutuona. Mama huyo aliisoma palepale mezani kwangu, akarudia mstari mmoja, akaniangalia.

"Shemeji, wewe ulikuwepo. Ni kweli alikiri?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, shemeji," nikamjibu.