Umeme wa Mshtarii

Tangu radi imuue dada yake kule Gazi, akijichana mbele ya kioo, Mwanamkuu hufunika kila kioo kwa leso wingu likitanda. Hata hotelini Diani, anakosafisha vyumba, hufanya hivyo; meneja amemgombeza mpaka amechoka.

Siku moja mwaka wa tisini na nane alikuta kitandani jarida la mgeni, lina picha ya umeme mawinguni. Upesi akafunika kioo. Jacinter, mwenzake wa bara, akamsomea.

"Hii ni sayari ya Mshtarii, mama. Ni mawingu matupu yanayohamahama, haina ardhi wala watu."

"Basi radi yake yampiga nani?"

"Hakuna."

Mwanamkuu akaiondoa leso kiooni, akaketi, akautazama umeme wa pichani kwa kituo, mara ya kwanza tangu msiba.