Nia Iliyoshonwa Uzi

Nilipochaguliwa kwenda hija kwenye kilima cha msalaba huko bara, mwenye nyumba wangu wa Mkomani, bibi aliyenipangisha chumba tangu nilipokuja Lamu kufundisha, aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, ushataka radhi kwa watu? Kwetu mtu akishika ndia ya hija hupita nyumba hata nyumba akitaka radhi."

"Nimeshaomba, Bi," nikamjibu.

Nilikuwa sijaomba. Katika jumuiya yetu ya kanisa kulikuwa na mwanamke mmoja, fundi cherehani, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu Pasaka. Mimi ndiye niliyeanza. Kila Jumapili ya ubatizo yeye alikuwa haji kanisani, na siku moja nikasema mbele ya akina mama wote kwamba kuna watu wanaowaonea wivu wenzao waliojaliwa watoto. Aliinuka akaenda zake.

Sisi Wakristo wa Lamu si wengi, na wanaopata nafasi ya kusafiri ni wachache zaidi, kwa hiyo anayekwenda hubeba nia za wanaobaki. Kila mtu huandika ombi lake kwenye karatasi, na hujaji huenda kuliweka chini ya msalaba. Katekista aliponikabidhi mfuko, ya fundi niliitambua papo hapo. Wengine walikunja tu. Yeye alikuwa ameishona kingo zote kwa uzi wa buluu.

Ndani ya basi katekista alitusimulia jinsi Wakristo wa kale walivyotembea miezi kwenda Yerusalemu, na kwamba kabla ya kuondoka walipatana kwanza na mahasimu wao, kwa kuwa hawakujua kama watarudi. Wenzangu wakaimba. Mimi nilipakata ule mfuko nikiwaza: ameandika nini huyu? Nilikuwa na hakika amenishtaki kwa Mungu.

Tulifika kwenye nyumba ya masista adhuhuri. Nikajifungia chooni, nikakata uzi kwa meno.

Mimi sikutajwa popote. Aliandika kwamba zamani, kabla ya kuja Lamu, alizaa mtoto wa kike, akaishi siku mbili, akafa bila kubatizwa. Hajawahi kumwambia mtu. Aliandika jina alilompa, akamwomba Mungu amwite kwa jina hilo, kwa kuwa hapa duniani hakuna aliyewahi kumwita.

Nilikaa mle chooni mpaka sista akagonga kuuliza kama naumwa.

Kesho yake tulipanda kilima miguu mitupu, tukisali rozari. Baada ya misa karatasi zote zilichomwa, kama ilivyo desturi. Nilipoiona ya kwake ikishika moto nilipata nafuu, maana sasa hakuna ambaye angejua kwamba niliifungua. Nafuu ile ndiyo inayonitia haya zaidi hadi leo.

Niliporudi, alikuwa akinisubiri mlangoni mwa kanisa.

"Uliiweka?"

"Niliiweka."

"Ahsante, mwalimu. Mungu akubariki."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Pasaka. Siku ya tatu nikaenda dukani kwake.

"Niliifungua," nikasema. "Nikaisoma. Nisamehe."

Cherehani ikasimama.

"Jina lake ulilitamka?"

"Sikuthubutu."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi nenda."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikayafuta maneno yangu ya wivu, nikasema nilimsingizia. Sababu sikuieleza. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, hakuinua uso.

Sasa tunasalimiana. Hata gauni la sikukuu amenishonea, vizuri sana. Siku za ubatizo bado haji, na hakuna anayeuliza. Msamaha sijauomba tena. Naogopa atanipa kwa adabu tu.